Muulize Mama Fundi: Wati za gitaa na masikio ya jirani

Mbukwenyi wasomaji. Safari hii barua zilizonijaa mezani ni za amplifaya za valvu, yale mataa ya kioo yanayowaka wekundu ndani ya mashine. Wengi walidhani yaliondoka na redio za babu zetu. Kumbe vijana wa kwaya na bendi wanayatafuta kwa udi na uvumba. Mimi nimefurahi, maana ufundi niliuanzia hapo, kwenye redio za valvu alizokuwa akiletewa baba yangu hapa Chang'ombe ya Dodoma, na mpaka leo ile harufu ya vumbi likipata moto juu ya kioo inanirudisha utotoni. Nimechukua barua tatu.

*Shikamoo Mama Fundi. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya, kanisa letu liko Nkuhungu. Waumini ni kama mia mbili, na tuna dramu kamili na kinanda. Nimeonyeshwa amplifaya mbili za valvu, zote zimetumika. Moja ni ya wati 15, nyingine wati 50, kila moja ina spika moja ya inchi 12. Rafiki yangu anasema ya wati 50 inapiga zaidi ya mara tatu ya mwenzake. Nimepanga chumba kimoja na mazoezi nafanyia humohumo. Nichukue ipi?*

Marahaba mwanangu. Rafiki yako kahesabu sawasawa, ila kahesabu umeme. Sikio lina hesabu yake. Ili sauti isikike imekuwa kubwa mara mbili, wati zinatakiwa ziongezeke kama mara kumi. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), nyongeza ambayo mtu akiwa na mazungumzo yake huenda asiigundue. Kutoka 15 mpaka 50 ni desibeli 5 na kidogo. Utaisikia tofauti, sikatai, lakini hata ile "mara moja na nusu" haifiki, sembuse mara tatu.

Sasa kitu ambacho wauzaji hawakwambii, na pengine wenyewe hawakijui: spika. Kila spika ya maana ina namba inayoonyesha inatoa desibeli ngapi ikilishwa wati 1, ukiwa umekaa mita 1 mbele yake. Spika nyingi za gitaa ziko kati ya 95 na 100. Celestion Vintage 30 imeandikwa 100, ndugu yake Greenback 98. Chukua ile amplifaya ya wati 15 uifunge kwenye spika ya 100: inafika kama desibeli 112. Chukua ya wati 50 uifunge kwenye spika ya 95: inafika 112 vilevile. Zimelingana! Wati 35 zote zimemezwa na spika. Ndiyo maana mtu akiniuliza amplifaya hii inapiga kiasi gani, kwanza naigeuza nyuma nisome spika.

Na usichanganye namba hiyo na wati zilizoandikwa kwenye spika yenyewe. Wati za spika ni uwezo wake wa kustahimili bila kuungua. Spika ya wati 100 haipigi kuliko ya wati 25 kwa sababu ya namba hiyo. Greenback ni ya wati 25 na sauti yake ukumbini unaisikia mpaka kwenye mbavu. Hakikisha tu wati za spika zinazidi za amplifaya, tena kwa nafasi ya kutosha.

Juzijuzi kijana aliniletea amplifaya ndogo, ina valvu moja ya 6V6 upande wa mwisho, wati 5 basi. Spika yake ya inchi 8 ilikuwa imechoka, karatasi imelegea pembeni. Nikapiga nyuzi mbili tatu, sauti ya redio ya mkulima. Nikaizima, nikachomoa waya wa spika, nikauchomeka kwenye boksi langu la inchi 12 lililo chini ya benchi, nikaiwasha tena, nobu ya sauti sikuigusa. Kupiga uzi wa kwanza tu, kikombe cha misumari kikaanza kutikisika juu ya benchi, na mama anayekaanga chipsi barazani kwa jirani akaja mlangoni na mwiko wake mkononi kuuliza kulikoni. Valvu ni ileile na umeme ni uleule. Yule kijana alikuwa tayari kukopa anunue amplifaya kubwa. Akanunua spika.

Turudi kwako. Mimi ningechukua ya wati 15. Lakini kuna jambo moja nataka ulipime kwa uaminifu: unapiga sauti gani? Kama solo yako ni ile yetu ya dansi, safi, inayolia kama kengele juu ya rhythm, unahitaji nafasi kabla valvu hazijaanza kukwaruza. Valvu mbili za EL84, ambazo ndizo nyingi hukaa kwenye mashine za wati 15, zinakwaruza mapema ukishindana na dramu, kwa kuwa dramu ikipigwa kwa nguvu inapita desibeli 100 kirahisi pale ilipo. Valvu mbili za EL34, zile za wati 50, zingebaki safi. Hiyo ndiyo faida halisi ya wati nyingi, kubaki safi ukiwa juu. Waliotengeneza Fender Twin Reverb ya wati 85 walitaka sauti safi jukwaa zima.

Hata hivyo kanisa lako lina mitambo, nadhani, kwa sababu kinanda kanisani aghalabu hupitishwa kwenye mitambo. Basi wekea amplifaya maiki mbele ya spika, umwachie fundi mitambo kazi ya kuwafikishia waumini. Amplifaya yako iwe ya kukusikilizisha wewe na kwaya. Hapo wati 15 zinatosha na kubaki.

Na tafadhali, ipandishe juu ya kiti, uiegemeze nyuma kidogo ikutazame usoni. Spika ya gitaa inarusha sauti kali kama tochi, inakwenda mbele moja kwa moja. Ukiiweka sakafuni nyuma ya miguu yako, magoti yako ndiyo yanasikia, wewe unaongeza, na mzee wa kanisa aliyekaa benchi la mbele ndiye anayepigwa na tochi yote. Kanisa la bati lisilo na dari, lenye sakafu ya saruji, linazidisha mambo, maana ule ukali unagonga huku na huku na haumezwi na kitu.

Kuhusu chumba chako sitakuficha. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyo ya chumbani. Piga hesabu: wati 1 tu kwenye spika ya 97 ni desibeli 97 ukiwa mita moja, na chumba cha kupanga mita zenyewe ziko ngapi? Watafiti wa usalama kazini huko Marekani wanashauri desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebaki na dakika 15. Nina uchungu na jambo hili. Mwalimu wangu wa ufundi alisimama miaka mingi kando ya majukwaa ya bendi, na uzeeni ukimwita kwa sauti ya kike hageuki. Alikuwa akinisomea mdomo. Chumbani mwako piga kwa kidude cha kuvalia visikizi, amplifaya ilale kanisani.

*Habari Mama Fundi. Mimi ni mwalimu, niko Mpwapwa, gitaa ni burudani yangu ya jioni. Amplifaya yangu ya valvu nikizungusha nobu kutoka 1 hadi 3 sauti inapaa yote. Kutoka 4 hadi 10 haiongezeki, inakwaruza tu. Je, imeharibika? Na nifanyeje nipate ule mkwaruzo mtamu bila kuwaamsha wanafunzi wa bweni?*

Nzuri mwalimu, na pole na wanafunzi. Haijaharibika. Namba za kwenye nobu si wati wala si asilimia, ni alama za kukusaidia kukumbuka ulipoacha jana. Mashine nyingi zimepangwa hivyo hivyo, ukifika 4 umeshatoa karibu sauti yote safi iliyomo. Valvu za mwisho zimefika ukomo. Unapoendelea kuzungusha, wimbi la sauti linakatwa vichwa, na kilichokatwa ndicho unachokisikia kama mkwaruzo. Ukubwa unaongezeka kidogo sana. Kama gitaa lako lina pikapu (zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) nene za koili mbili, utafika huko hata mapema zaidi, kwa kuwa zinapeleka umeme mwingi kwenye valvu ya kwanza. Tazama kama mashine ina matundu mawili ya kuchomeka gitaa. Kwenye Fender nyingi za zamani tundu la pili linapunguza desibeli 6, na nobu yako itaanza kuwa na adabu.

Wapo wanaonishangaa nikiuita mkwaruzo mtamu. Mwalimu, uko Mpwapwa, umewahi kulishika marimba la Kigogo? Wazee hufunika tundu la sanduku kwa utando mweupe wa buibui ili kila ulimi wa chuma ukilia, utando nao uvume. Marimba bila ule mvumo kwao ni sauti isiyovaa nguo. Valvu iliyolemewa inafanya kazi ya ule utando: inaipa noti nyama, tena inaibana kidogo, kwa hiyo noti inakaa muda mrefu kabla ya kufa. Hapo ndipo ulipotoka ule usemi kwamba wati za valvu zinapiga kuliko za transista, kile kidude kidogo kilichochukua nafasi ya valvu. Wati ni wati. Ila transista ikifika ukomo inakata ghafla, sauti inachoma, unapunguza mwenyewe. Valvu ikilemewa bado inapendeza, kwa hiyo unaipeleka mbali zaidi, mpaka juu ya zile wati zilizoandikwa, maana zinapoandikwa hupimwa sauti ikiwa bado safi.

Ama dawa yako, tazama kama una nobu mbili, moja ya geini na nyingine ya masta. Geini juu, masta chini: valvu ndogo za mwanzo zinakwaruza, za mwisho zinapata kidogo. Utamu wake si uleule wa valvu za mwisho, lakini wanafunzi watalala. Kama huna masta, kuna kisanduku kinachokaa kati ya amplifaya na spika, kinameza nguvu na kuigeuza joto. Hakikisha kinastahimili wati za mashine yako na ohmu zake (kipimo cha ukinzani wa umeme) zinalingana. Kitapata moto sana, usikiweke juu ya kitambaa. Usikubali fundi akufungie nobu ya kawaida kwenye waya wa spika, itaungua siku ya kwanza.

Ukishapunguza, sauti itaonekana nyembamba. Hiyo ni tabia ya sikio, si ya mashine. Fletcher na Munson wa Marekani walilipima jambo hili mwaka 1933: sauti ikishuka, besi na ule ukali wa juu hupotea kwanza. Ongeza besi kidogo ukiwa chini, na ukumbuke kuirudisha ukienda jukwaani.

*Mama Fundi, sisi ni bendi ndogo Manyoni. Usiku umeme ukipungua amplifaya ya valvu inakuwa laini na sauti inashuka. Halafu boksi letu lina spika mbili, tukichomoa moja tunaogopa. Tufanyeje?*

Mnaogopa kwa haki, wanangu. Nianze na hilo la spika kwa sababu ndilo linaloua mashine. Amplifaya ya valvu haiwashwi kamwe bila spika. Nyaya zikiwa hazina pa kwenda, volti zinapanda ndani ya transfoma ya upande wa spika mpaka inajitoboa yenyewe. Mwaka juzi niliisuka upya transfoma ya namna hiyo, siku nne na lenzi jichoni, nyuzi nyembamba kama nywele, kwa sababu mtu alijikwaa waya ukachomoka katikati ya wimbo na hakuna aliyeona. Fungeni waya wa spika kwenye mshikio wa boksi. Tena uwe waya wa spika hasa, ule wa gitaa ni mwembamba mno.

Spika mbili za ohmu 8 zikifungwa sambamba ni ohmu 4, zikifuatana ni 16. Someni nyuma ya amplifaya, mchomeke kwenye tundu linalolingana. Mkichomoa moja hesabu inabadilika. Msichomoe, kwani spika mbili kwa wati zilezile zinawapa mpaka desibeli 3 za ziada, bure kabisa.

Umeme ukishuka kutoka volti 230 mpaka 200, nguvu ya mashine inapungua karibu robo. Robo hiyo ni desibeli 1 tu, kwa sikio si kitu. Ule ulaini mnaousikia ni valvu kukwaruza mapema kuliko kawaida. Nunueni stebilaiza yenye uwezo mara mbili ya wati zinazovutwa na mashine, si wati za sauti. Ziko nyuma karibu na fyuzi, na kwa valvu huwa nyingi: mashine ya wati 50 za sauti yaweza kuvuta 150 na zaidi. Umeme ukirudi kwa kishindo, kama unavyofanya usiku, zimeni kwanza. Valvu zinastahimili njaa, shibe ya ghafla ndiyo inayoziua.

Na asifungue mtu kifuniko kutazama. Ndani kuna volti 400, na kapasita zinazitunza hata baada ya kuchomoa plagi. Ileteni Chang'ombe, basi la asubuhi linawahi.