Mfadhili na jina la kengele

Ndugu Mhariri, juma hili mmeuliza iwapo kengele mpya ya kanisa inafaa kuandikwa jina la mfadhili aliyeinunua. Jibu langu ni hapana, ingawa kinachonikera zaidi ni kwamba hamkuuliza nani ana haki ya kuipa kengele jina.

Sisi wa Bagamoyo tumelelewa na Misheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, na mnara wa kanisa lao la kwanza ndimo ulimolazwa mwili wa Livingstone mwezi Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Kengele ikigongwa tatu tatu kwa ajili ya sala ya Malaika wa Bwana, hata jirani Mwislamu aliyeko shambani hujua kwamba adhuhuri imefika. Kwa taratibu za kale, askofu aliiosha kengele kwa maji ya baraka, akaipaka mafuta ya wagonjwa kwa nje na krisma, yaani mafuta matakatifu, kwa ndani, kisha akaifukiza ubani. Waumini waliita ubatizo, ijapokuwa si sakramenti, na kengele ilipewa jina la mtakatifu pamoja na wasimamizi, kama mtoto.

Kigango chetu, yaani kanisa dogo chini ya parokia, upande wa Ruvu, kilikuwa na ringi ya lori tu, iliyoning'inizwa mwembeni, na katekista aliigonga kwa kipande cha nondo. Akajitokeza mwana wa hapo aliyefanikiwa mjini, akaahidi kengele halisi ya shaba na bati. Kiwanda kikataka maneno yote kwa maandishi kabla ya kumimina, kwa sababu herufi hutokezwa katika kalibu yenyewe, na kuzichonga baadaye kwa patasi ni kuhatarisha madini ambayo ni magumu lakini hupasuka upesi. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mfadhili alitaka jina lake lote, na la ukoo. Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akasimama, kanga ikiwa bado na vumbi la mnara tuliokuwa tukiujenga, akauliza, "Na sisi tuliosomba mchanga kwa ndoo, tuandikwe wapi?" Hakuna aliyemjibu. Vikao vikaahirishwa, fomu ya kiwanda ikakaa sakristia mpaka ikaliwa na mende pembeni, na ringi ikaendelea kutuita misani na mazikoni. Mwishowe padre aliandika "Mtakatifu Yosefu", nalo ndilo lililokuwa jina la ubatizo la mfadhili. Wazee wakapiga makofi, mfadhili akatabasamu, na kila upande ukajua ni Yosefu yupi.

Nikiandika haya naona msimamo wangu unalegea. Hata zamani msimamizi, ambaye mara nyingi ndiye aliyetoa fedha, aliweza kuiachia kengele jina lake la ubatizo, kwa hiyo nyuma ya watakatifu wengi walioko minarani wamejificha matajiri. Kama ni hivyo, afadhali mfadhili aandikwe waziwazi, ila kwa masharti: jina la mtakatifu litangulie kwa nje, la mfadhili liwe kwa ndani, ambako atalisoma anayepanda kutia grisi, na waliosomba mchanga watajwe pamoja naye, hata kama ni kwa neno "waumini" tu. Tena asiandikwe kabla hajalipia boriti na kamba, kwa kuwa kengele yetu ilikaa chini miezi mingi ikisubiri mbao zisizoliwa na mchwa, na mbao hizo hakuna aliyeomba jina lake liandikwe juu yake.