Swali la lugha: "Ajira zisizo za mashambani" zilipungua kwa, au hadi?

SWALI: Natafsiri taarifa ya takwimu za miaka mingi kuhusu ajira katika jimbo la Michigan, Marekani. Niliandika: "Ajira zisizo za mashambani za wakazi wa Michigan zilipungua hadi asilimia 17 kati ya mwaka 2000 na 2010." Mhariri amenirudishia akisema sentensi haifai. Kosa liko wapi?

JIBU: Makosa ni matatu, na la mwisho ndilo baya zaidi.

Tuanze na "mashambani". Kwa msomaji wa Kenya, mashambani ni vijijini. Mtu "ameenda mashambani" hata kama hajagusa jembe. Atadhani umeondoa vijiji na kubakiza ajira za mjini. Sivyo. Mwalimu na muuguzi wa kijijini wamo kwenye hesabu hii. Aliyeachwa nje ni kibarua anayechuma matufaha shambani kwa mkulima. Anayekamua juisi ya matufaha hayohayo kiwandani anahesabiwa, maana hiyo ni ajira ya viwandani. Kinachotengwa ni shughuli, si mahali, kwa hiyo andika "ajira nje ya kilimo". "Ajira zisizo za kilimo" nayo ni sahihi, mradi usiteleze ukaandika "zisizo na kilimo", ambayo haina maana yoyote hapa.

Neno "ajira" lenyewe umelichagua vizuri. Usilibadilishe kuwa "kazi". Ajira, ujira, mwajiri na mwajiriwa ni ndugu, na kinachowaunganisha ni malipo. Ndivyo takwimu hizi zinavyokusanywa: waajiri huulizwa ni wangapi walikuwa kwenye orodha yao ya mishahara katika kipindi cha malipo chenye tarehe 12 ya mwezi. Waliojiajiri, wanaofanya kazi za nyumbani kwa watu, wanaosaidia biashara ya familia bila malipo, na wanajeshi hawamo. Ukiandika "kazi", umemrudisha kinyozi mwenye kibanda chake. Wapo wanaopendekeza "ajira rasmi". Nisingekubali: mfanyakazi wa shamba kubwa lenye leseni na ofisi ana ajira rasmi kabisa, lakini hapa hahesabiwi. Nchini Kenya, takwimu za ajira za sekta rasmi hujumuisha wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai, hivyo msomaji wa huko atapotoshwa. Wala usiseme "sekta binafsi", kwa kuwa watumishi wa serikali wamo.

Kosa la pili ni "za wakazi". Ajira huhesabiwa pale mahali pa kazi palipo. Anayelala Toledo, Ohio, na kuvuka mpaka kila asubuhi kwenda kazini Michigan, ajira yake ni ya Michigan. Tena mwenye vibarua viwili kwa waajiri wawili huhesabiwa mara mbili. Hivyo andika "ajira milioni 4.7", si "watu milioni 4.7 walioajiriwa".

Sasa "hadi". Mwaka 2000 Michigan ilikuwa na ajira karibu milioni 4.7 nje ya kilimo. Mwaka 2010, baada ya viwanda vya magari kuyumba na mdororo wa uchumi kupita, zilikuwa karibu milioni 3.9. Zilizopotea ni kama 800,000, yaani asilimia 17 ya zile za mwanzo. "Kwa" hutaja kiasi kilichoondoka, "hadi" hutaja pale ulipofikia. Zilipungua *kwa* asilimia 17, *hadi* milioni 3.9. Ulivyoandika wewe, zimebaki asilimia 17 tu, yaani ajira 800,000 jimbo zima! Hata kusema "zilipungua asilimia 17" bila kihusishi ni kumwachia msomaji abahatishe.

Sentensi yako iwe: "Kati ya mwaka 2000 na 2010, ajira nje ya kilimo katika jimbo zima la Michigan zilipungua kwa takriban asilimia 17."

Kwa kuwa taarifa ni ya miaka mingi, utakutana pia na "mwelekeo" na "mwenendo". Wengi huyachanganya. Mimi hutumia "mwenendo" kwa njia ambayo takwimu zimekwisha kuipita, na "mwelekeo" kwa upande zinakoelekea. Ukilinganisha Juni na Julai, angalia kama takwimu "zimerekebishwa kwa msimu", yaani zimeondolewa mabadiliko yanayojirudia kila mwaka. Shule zikifungwa kiangazi, baadhi ya wafanyakazi wa elimu hutoka kwenye orodha za mishahara. Kushuka huko ni kwa msimu, na ukikuita "mwenendo" umekosea.

Na "jimbo"? Libakize. Ila kwa msomaji wa Tanzania, ambaye jimbo kwake ni la mbunge, andika mara ya kwanza "jimbo la Michigan nchini Marekani". Baada ya hapo "jimboni" inatosha.