Turubai la Mashua Barabarani: Likaze Kama Ngoma au Liache Nyumbani

Mashua nyingi za Nairobi hulala uani juu ya trela. Bwawa la Nairobi lilimezwa na magugu zamani, na maji ya karibu yanayofaa yako Naivasha, kilomita tisini hivi. Kwa hiyo kila safari ya kwenda majini huanza barabarani, na swali ni lile lile: turubai libaki juu au litolewe?

Kama unaweza kulikaza likawa kama ngozi ya ngoma, liache. Kama huwezi, litoe, likunje, litie ndani ya gari. Turubai linalolegea ni baya kuliko kutokuwa nalo.

Sababu ni upepo. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya upepo huwa mara nne. Kitambaa kilichotulia ukienda kilomita 40 kwa saa pale Westlands kinapigwa mara nne zaidi ukifikisha 80 baada ya Kikuyu, na ukitoka 80 hadi 100 umeongeza zaidi ya nusu ya nguvu hiyo. Pindo huanza kupigapiga, vumbi huingia chini yake, na kitambaa chenye vumbi ni msasa. Vumbi la Mai Mahiu na Naivasha lina chembe za mawe ya volkano, jamaa wa lile jiwe la kusugulia visigino. Saa moja na nusu ya kusuguliwa hivyo hufifisha mng'ao wa faibaglasi kwenye kona zote, na kioo cha akriliki huchorwa mikwaruzo isiyotoka kwa urahisi.

Angalia kwanza una turubai gani. Lile la plastiki la buluu la kufunikia saruji halifai barabarani hata kidogo. Hupasuka kwenye matundu yake ya kamba, na likishapasuka linabaki vipande vinavyochapa mashua na magari ya nyuma. PVC ya malori, ya gramu 600 kwa mita ya mraba au zaidi, ina nguvu, lakini ni nzito na haipumui, basi unyevu hubaki ndani na ukungu huota kwenye viti. Linalofaa ni la poliesta nzito, denia 600 kwenda juu (denia ni kipimo cha uzito wa uzi), lililoshonwa kwa vipimo vya mashua yenyewe. Mafundi wa turubai wa jua kali wanaweza kukushonea, ila usiwatumie vipimo kwa simu. Peleka mashua. Mwambie fundi kamba ipite ndani ya pindo mzunguko mzima, uzi uwe wa poliesta kwa kuwa wa pamba huoza kwa jua, na kila mahali panapogusa kona ashone kiraka cha pili. Aache pia tundu la kutolea hewa upande wa nyuma, lenye kifuniko kinachotazama chini.

Kufunga kunaanzia mbele, kwenye omo, kwa sababu upepo huingilia hapo. Uwazi mdogo wa kupitisha ngumi pale mbele unatosha kulijaza turubai lote hewa kama puto. Kabla ya kulivuta, funika kila kilichochongoka: pembe za kioo, vyuma vya kufungia kamba, mabano ya taa. Mabaki ya zulia au hosi ya bustani iliyopasuliwa kwa urefu yanatosha, yafunge yasihame. Kivuli cha juu cha mashua kikunje na kukifunga ndani ya mfuko wake; antena ilaze. Kisha vuta turubai kutoka omo kwenda tezi, yaani nyuma, kaza kamba ya pindo, ndipo uweke mikanda.

Mikanda iwe ya nailoni yenye bizimu, mmoja kila sentimita 60 hadi 90 kila upande, ikishuka hadi kwenye fremu ya trela. Pale omo weka miwili, kulia na kushoto. Usipitishe mkanda juu ya tairi, waya wa taa au bomba la breki. Kila mkanda upe msokoto mmoja wa nusu duara kabla ya kuukaza. Mkanda ulionyooka bapa hutetemeka na kuvuma njia nzima, na mtetemo huo ndio unaokata nyuzi. Blada za bodaboda ziache kwa kreti za soda. Mpira hunyooka upepo ukivuta na kurudi upepo ukipungua, kwa hiyo turubai linapumua juu chini, juu chini, mpaka mshono uachie. Isitoshe, ndoano ya blada ikifyatuka hutafuta jicho.

Mikanda ya turubai si mikanda ya mashua. Mashua ifungwe kwa yake: winchi na mnyororo wa usalama mbele, mikanda miwili ya racheti nyuma. Wapo wanaotegemea turubai kushikilia kila kitu. Hao usiwafuate kwa karibu barabarani.

Nguzo za kuinulia turubai ni za uani. Barabarani, tuta moja linatosha kuirusha nguzo ikatoboa kitambaa. Ukihitaji mwinuko, tumia matao yaliyofungwa kwenye kingo za mashua. Ganda la kitambaa la injini nalo livue, maana hupeperuka haraka kuliko kitu kingine chochote. Kifuniko cha plastiki cha injini kinatosha, hakikisha lachi yake imeshika.

Jaribio la mwisho ni la mkono. Finya kitambaa katikati ukiinue: kikipanda zaidi ya upana wa vidole vinne, bado. Kisha simama mita kumi nyuma mwenzako akanyage breki na kuwasha indiketa. Turubai likifunika taa au namba ya trela, umejiandalia mazungumzo na polisi.

Simama baada ya kilomita 10 au 15 za kwanza, kwani kitambaa kipya hunyooka na mikanda hulegea. Ukielekea Naivasha, kaza tena Rironi kabla ya kushuka ukingo wa Bonde la Ufa, na uangalie tena Mai Mahiu. Njia ya Mombasa, kilomita karibu 480, ni ngumu zaidi kwa sababu ya malori: kila linalokuja mbele yako hupiga kofi la upepo ubavuni. Simama Emali, Mtito Andei na Voi, na usipite 80.

Ukiamua kwenda bila turubai, kazi ni kuondoa vitu. Mito ya viti, majaketi ya kuokolea, makasia, vifuniko vya masanduku, vyote ndani ya gari. Viti vya kuzunguka vifunge. Mto uliolala miezi mitatu bila kusogea utaruka ukifika 70. Na kwenye foleni ya Mlolongo, jaketi lililo wazi hunyakuliwa kwa mkono mmoja.

Mvua za masika na vuli zina hesabu yake. Dimbwi la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita kumi ni kilo mia moja juu ya kitambaa. Ukiegesha, inua pua ya trela maji yatiririkie nyuma, na toa kizibo cha tundu la chini ili yaliyoingia yatoke. Watu wa pwani hukiita nguruzi. Kining'inize kwenye mkono wa winchi, si mfukoni, ukione kabla ya kuishusha mashua majini.

Ukirudi, usifunike mashua mbichi. Ondoa magugu kwenye trela na kwenye injini ukiwa bado ziwani, yasihamie maji mengine. Turubai lioshe kwa maji baridi, brashi laini na sabuni ya kipande. Sabuni ya unga huondoa dawa ya kuzuia maji. Lianike likauke pande zote mbili kabla ya kulikunja.