Rimu za theluji na sensa za upepo: ile batani haitakusaidia

Swali: "Habari fundi. Niko Minnesota, nina Toyota RAV4 ya 2016 ya hapa hapa Marekani. Nimenunua rimu nne za chuma na matairi ya theluji ili nisiwe navua na kuvalisha matairi kila msimu, ila bado hayajafungwa. Duka moja wananiambia lazima ninunue sensa nne za upepo (zile za ndani ya tairi zinazowasha taa kwenye dashibodi upepo ukipungua), rafiki yangu anasema niachane nazo, nikishafunga nibonyeze tu ile batani ya kuriseti taa itazima. Nani mkweli? Na zile sensa za bei rahisi za mtandaoni zinafanya kazi?"

Jibu: Nzuri kaka, na umefanya vizuri kuuliza kabla matairi hayajaingia kwenye rimu, maana sensa inakaa ndani, na ukija kubadilisha mawazo Januari utalipa kuvua na kubalansi upya.

Rafiki yako amechanganya vitu viwili, na wengi sana wanachanganya hapo. Ile batani kazi yake ni kuiambia gari "upepo ulioko sasa ndio sahihi, anzia hapa kupima", basi. Haitambulishi sensa mpya. Kila sensa ina namba yake ya ID na kompyuta ya gari yako inasikiliza ID zile tu ilizosajiliwa, kwa hiyo ukifunga rimu zisizo na sensa, au zenye sensa ambazo gari haizijui, ubonyeze mpaka kidole kiume, taa itarudi tu. Utaitambua kwa sababu ukiwasha gari inapepesa kama dakika moja hivi halafu inabaki imewaka, hiyo maana yake mfumo wenyewe una hitilafu. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, hapo ni tairi limepungua upepo, shuka ukapime.

Kuhusu duka kukulazimisha, sheria ya Marekani inakataza biashara kuzima kifaa cha usalama kilichokuja na gari, na magari madogo yote mapya ya huko yana mfumo huu kwa lazima tangu Septemba 2007, ndio maana maduka mengi yanakataa kufunga bila sensa. Sheria hiyo haikugusi wewe ukifunga mwenyewe nyumbani. Lakini mimi nakwambia weka. Baridi ndiyo inakula upepo: kila joto likishuka kama nyuzi 5 na nusu za Selsiasi unapoteza karibu psi 1 (psi ndicho kipimo cha upepo wa tairi). Sasa chukulia umejaza 33 kwenye gereji yenye nyuzi 20, asubuhi nje ni hasi 20, tayari psi 7 zimeenda, umebaki na 26, na taa imepangwa kuwaka ukishuka kama asilimia 25 chini ya kipimo kilichoandikwa kwenye kile kibandiko cha mlango wa dereva, yaani karibu 25. Msumari mdogo tu juu ya hapo na uko kwenye barafu na tairi laini bila kujua.

Kuchagua sasa. Cha kwanza ni masafa ya redio ambayo sensa inatumia kuongea na gari. RAV4 yako inatumia 315 MHz, za Ulaya zinatumia 433, na zinafanana kabisa kwa macho. Hapa ndipo za bei rahisi za mtandaoni zinawaangusha watu, si lazima ziwe mbovu, ni kwamba ameletewa za 433 na gari haisikii kitu. Pia usimwige jirani mwenye gari lingine, kuna Honda nyingi za miaka ya karibuni hazina sensa ndani ya tairi kabisa, zinahesabu mzunguko wa magurudumu kupitia mfumo wa breki wa ABS, hao kweli wanabonyeza tu na kuendelea.

Cha pili, chukua zile za kuprogramu ambazo zinaweza kukopi ID. Fundi anasoma ID za sensa zako za zamani na kifaa chake, anaziandika kwenye mpya, gari inaona ni zile zile na huna haja ya kwenda kusajili mara mbili kwa mwaka. Fanya mapema maana betri ya sensa imefungiwa ndani, haibadilishwi, na inaishi miaka 5 hadi 10 hivi, za kwako kama ni za kiwandani ziko ukingoni, na ikishakufa haisomeki kirahisi. Mwambie akuandikie hizo ID kwenye karatasi uzitunze. Angalizo moja: ukikopi, usiendeshe na seti nyingine ikiwa imepakiwa nyuma, zikitikisika zinaamka na zote zinatuma kwa jina moja, gari inachanganyikiwa.

Valvu: kwa rimu za chuma na chumvi ya barabara za huko mimi ningechukua za mpira. Za alumini ni nzuri ila chumvi inazitafuna, na mtu akishaweka kofia ya chuma inagandana na valvu, siku ya kuifungua inakatika na sensa imeondoka nayo. Kofia za plastiki tu. Ukichukua za alumini hakikisha sindano ya ndani ya valvu imepakwa nikeli, na ile nati ya valvu ikazwe kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, nyingi ni Nm 4 mpaka 8, hicho ni kitu kidogo sana, mkono wa fundi mwenye haraka unaivunja.

Siku ya kufunga mkumbushe fundi avalishe tairi bila kugonga sensa iliyo kwenye valvu, abalansi sensa ikiwa ndani, kisha ajaribu kuzisoma zote nne kabla gari halijatoka. Baada ya hapo subiri matairi yapoe kabisa, jaza kwa kipimo cha kibandiko, na hapo sasa ndipo ubonyeze ile batani mpaka taa ipepese mara tatu.