Nimezaliwa na kasoro ya valvu na sijisikii mgonjwa: nipasuliwe sasa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 31. Tangu utotoni najua kwamba valvu yangu ya aota (mlango wa damu kutoka moyoni kuingia mshipa mkuu) ina vipande viwili badala ya vitatu, na nimekuwa nikipimwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) mara kwa mara. Safari hii nimeambiwa imebana sana: kasi ya damu inayopita hapo ni mita 4.3 kwa sekunde, na mwaka jana ilikuwa 3.7. Kila pigo moyo unasukuma nje asilimia 60 ya damu yake. Daktari wangu anataka nifanyiwe upasuaji, lakini mimi naona niko sawa, ila ngazi siku hizi napanda kwa vituo, nadhani ni unene. Nimeolewa, bado sijapata mtoto. Je, ningoje? Na valvu ipi inanifaa, ya chuma au ya tishu?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Katika maelezo yako yote, kilichonishtua ni hizo ngazi. Aliyezaliwa na tatizo la moyo huzoea. Hupunguza mwendo kidogo kidogo, huacha mzigo huu, hukwepa kilima kile, na mwisho huapa kwamba hana dalili yoyote. Muulize mumeo kama mwendo wako umebadilika tangu mwaka jana. Kisha mwombe daktari wako kipimo cha mazoezi kwenye mashine, yeye akiwa anakusimamia. Usijijaribu mwenyewe kwa kukimbia. Pumzi ikikatika au presha ikishuka ukiwa kwenye mashine, suala la kungoja limekwisha.

Hata bila kipimo hicho, namba zako zinasema mengi. Kuanzia mita 4 tunahesabu kuwa valvu imebana vikali, na kupanda kwa 0.3 au zaidi ndani ya mwaka ni mwendo wa haraka. Wewe umepanda 0.6. Asilimia 60 ni nzuri, lakini isikulaze usingizi. Misuli ya moyo hunenepa ili kushindana na njia iliyobana, na nguvu ya kusukuma huanguka mwishoni kabisa. Hakuna kidonge kinachofungua valvu iliyokakamaa. Zikishaanza pumzi fupi, maumivu ya kifua au kuzimia, asiyepasuliwa kwa kawaida hubakiwa na miaka michache. Kwa hiyo nakubaliana na daktari wako. Tena fanya kabla ya kubeba mimba, kwa sababu ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na yote lazima ipite kwenye tundu hilo hilo.

Uchaguzi wa valvu ndio mgumu, na kwako mtoto ndiye anayeugeuza. Kwa umri wako wengi wangeshauri ya chuma, kwani hudumu sana. Lakini inakufunga na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, pamoja na kupima INR (kipimo cha damu kinachoonyesha kama dozi inatosha) kila mara. Dawa hiyo huvuka hadi kwa mtoto tumboni, na inaweza kumlemaza hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Ukiiacha na badala yake ukachoma sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, hatari ya damu kuganda kwenye valvu inaongezeka. Wanawake wanajifungua salama wakiwa na valvu ya chuma, lakini ni safari ya uangalizi mkali.

Valvu ya tishu, ya ng'ombe au ya nguruwe (kama dini inakuhusu, sema mapema), kwa kawaida haihitaji warfarini ya kudumu. Gharama yake ni kwamba kwa kijana huchakaa haraka, na upasuaji wa pili ni jambo la kutarajia, pengine baada ya miaka 10 au 15. Ipo pia njia aliyoianzisha mpasuaji wa moyo Donald Ross mwaka 1967: valvu yako mwenyewe ya mshipa wa mapafu inahamishiwa kwenye aota. Ni nzuri kwa vijana, ila mikononi mwa mpasuaji aliyeifanya mara nyingi tu.

Ningekuwa mimi ninayekushauri ana kwa ana, na kama kweli unataka mtoto, ningeanza na tishu au Ross, nikikubali wazi kwamba kifua kinaweza kufunguliwa tena.

Uliza pia upana wa aota yenyewe. Valvu ya vipande viwili mara nyingi huambatana na aota iliyotanuka, na ikifika sentimita 4.5 mpasuaji anaweza kuirekebisha papo hapo. Meno yatibiwe kabla ya upasuaji, maana bakteria wa kinywani hupenda kukaa kwenye valvu mpya. Na wazazi wako pamoja na ndugu zako wa tumbo moja nao wapimwe eko, kwani kasoro hii hutembea kwenye ukoo.