Maji ya Moto Yanachuruzika, ya Baridi Yana Nguvu

SWALI: Ninapanga ghorofa ya tatu katika jengo lenye nyumba 12, na kila nyumba ina hita yake. Kwa miezi kadhaa maji ya moto ya shawa yangu yamekuwa yakichuruzika tu, ilhali ya baridi yanatoka kwa nguvu kama zamani. Msimamizi wa jengo anasema pampu imechoka, na anataka wapangaji tuchange fedha za kununua mpya. Sijui kama inahusiana, lakini birika langu nalo limejaa ukoko mweupe. Je, tuchange?

JIBU: Msichange kwanza. Pampu inayosukuma maji ya baridi ndiyo hiyo hiyo inayosukuma ya moto, na kama ingekuwa imechoka, yote mawili yangepungua pamoja. Jibu liko kwenye birika lako.

Maji magumu hubeba kalisi na magnesi zilizoyeyuka, na yakizidi miligramu 180 za kalisi kaboneti kwa lita huhesabiwa kuwa magumu sana. Madini hayo hayaonekani mpaka maji yapate moto. Hapo hugeuka ukoko unaong'ang'ania chuma, na kadiri joto linavyopanda ndivyo unavyojijenga haraka zaidi.

Fungua kichwa cha shawa na ukikague. Vitundu vikiwa vimezibwa na punje nyeupe, kiloweke katika siki kwa saa moja au mbili, kisha ukisugue kwa mswaki mkuukuu. (Siki isikutane kamwe na dawa ya klorini, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu.) Maji yakiendelea kuchuruzika, tatizo liko kwenye valvu au ndani ya hita, hasa ikiwa inanguruma inapochemsha na inachukua muda mrefu kuliko awali. Fundi azime umeme, amwage maji, aondoe ukoko uliotuama chini ya tangi, na akague elementi, yaani kifaa cha umeme kinachopasha maji moto ndani ya tangi, ambayo ikifunikwa na ukoko hupata joto kupita kiasi na kuungua. Wapo wanaoshusha joto la hita hadi vuguvugu ili kukwepa ukoko. Sikubaliani nao, kwa sababu maji ya vuguvugu huwastawisha bakteria wa lejionela, wanaosababisha homa kali ya mapafu. Nyuzi 60 zinatosha.

Ikiwa majirani wanasumbuliwa na ukoko huo huo, fedha hizo zingefaa zaidi kwa mtambo wa kulainisha maji kwenye bomba kuu. Mtambo huo huondoa kalisi na kuweka sodiamu mahali pake, unahitaji kuongezewa chumvi mara kwa mara, na ni vyema bomba la maji ya kunywa lisipitie humo.