Boksi la kipoza cha maji: mliyoniuliza wiki hii

*Shikamoo fundi. Kaka kanitumia kutoka Dar kipoza cha maji cha prosesa. Ndani ya boksi nimekuta rejeta yenye mipira miwili, feni mbili na mfuko wa vyuma na skrubu kibao, ila chupa ya maji haimo. Wamenipunja? — Chumbageni*

Marahaba. Hujapunjwa. Maji yamo humo humo, yametiwa kiwandani pamoja na dawa ya kuzuia kutu, yakafungwa. Usichomoe mpira wala kutafuta pa kuongezea. Hizo skrubu nazo zisikutishe, boksi moja hubeba vyuma vya soketi (pale prosesa inapokaa kwenye madabodi) za Intel na za AMD, vingine utavirudisha mfukoni. Cha kuhakiki ni kama chuma cha soketi yako kimo. Soketi ya Intel ya LGA1700, iliyotoka 2021, ina nafasi za matundu tofauti na ile ya LGA1200, kwa hiyo kipoza kilicholala dukani tangu kabla ya hapo huenda hakina chuma chake. Mwenye soketi ya AMD ya AM5 asing'oe bamba la nyuma ya madabodi, maana ndilo linaloshikilia soketi yenyewe.

*Nimefunga kila kitu, kompyuta inawaka, lakini muda si mrefu joto linafika nyuzi 100 na inazima. Kipoza kibovu? — Makorora*

Kabla ya kugombana na muuzaji, kifungue ukigeuze. Chini ya pampu kuna sahani ya shaba. Mara nyingi huwa imefunikwa nailoni nyembamba isiyo na rangi, yenye kiulimi pembeni, na ni rahisi kuipita bila kuiona, hasa mtu akifunga usiku kwa tochi ya simu. Ibandue. Futa pesti ya zamani (ile ya kupitishia joto) kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati ya prosesa, kisha kaza skrubu kwa kupishana pembe, kidogo kidogo. Usimalize moja ndipo uende nyingine.

Kama nailoni haikuwepo, weka kiganja juu ya pampu. Inatakiwa usikie mtetemo. Ikiwa kimya kabisa, angalia waya wake kama umechomekwa palipoandikwa AIO_PUMP au CPU_FAN, au kama plagi ya umeme ya SATA imesahauliwa. Ila mwenye prosesa ya AMD Ryzen 7000 inayogota nyuzi 95 kwenye kazi nzito bila kuzima, tulia. AMD wameitengeneza ihimili hapo.

*Rejeta niifunge juu au mbele ya keisi? — Ngamiani, Barabara ya 8*

Juu, kama keisi inaruhusu. Ndani ya mfumo huwa kuna hewa kidogo, nayo hupanda. Ikikusanyika kichwani mwa rejeta haina neno, ikiingia kwenye pampu utasikia inakoroma, na ikiendelea hivyo itakufa mapema. Ukiifunga mbele, hakikisha kichwa cha rejeta kiko juu kuliko pampu. Na upime kwanza: rejeta ya 240 imeitwa hivyo kwa feni zake mbili za milimita 120, lakini yenyewe ina urefu wa kama 275. Jumlisha unene wake, kama 27, na wa feni, 25, uone kama juu ya madabodi kuna hizo sentimita 5 na ushee.

*Waya wa taa una pini 3, kwenye madabodi naona sehemu ya pini 4 tu. Nilazimishe? — Pongwe*

Usithubutu! Wa pini 3 ni volti 5, ile ya pini 4 ni volti 12. Taa zitaungua.

*Kwa joto hili la Januari, nikifunga cha maji chumba kitapoa? — Raskazone*

Hapana dada. Joto linahama kutoka kwenye prosesa kuingia chumbani mwako. Wala hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba: ndani kukiwa nyuzi 32, basi haishuki chini ya hapo. Tena kwa prosesa ya wati 65 ya kuandikia barua na kuhariri picha, feni ya kawaida inatosha kabisa, na ikifa unabadilisha feni peke yake. Cha maji pampu ikifa, aghalabu unatupa chote. Hiyo hela ningekushauri ununulie UPS, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika.